Namna ya Kusoma Orodha ya Wanataaluma wa Idara ya Fizikia au Kemia Kabla ya Kuomba Msimamizi

Mtu anayetaka kusoma shahada ya uzamili au uzamivu katika fizikia au kemia huanzia karibu kila mara kwenye orodha ya wanataaluma wa idara, ambayo kwa kila mtu hutaja jina, cheo, chuo alichosomea na mstari mmoja au miwili ya maeneo ya utafiti. Mstari huo ndio unaowakwaza wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwandikia mhadhiri mmoja, katika chuo nisichokitaja, kwa sababu mstari wake ulisema anafanya utafiti wa seli za sola. Nikapokewa vizuri, nikamaliza kozi za darasani, na siku niliyoingia maabara nikakuta mashine ya kutengenezea tando nyembamba imefunikwa nailoni, pampu yake ya ombwe ikiwa imepelekwa kwa fundi tangu mwaka uliotangulia. Tasnifu yangu ikageuka kuwa ya mahesabu ya kompyuta. Mhadhiri hakunidanganya, kwa kuwa kazi hiyo aliwahi kuifanya kweli. Mimi ndiye niliyedhani kwamba orodha inaeleza kinachofanyika leo, ilhali mara nyingi inaeleza kile mtu alichosomea uzamivu wake, pengine miaka 15 iliyopita.

Mifano mingi hapa nimeichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu historia ya idara zake za sayansi naifahamu zaidi, lakini utaratibu ni uleule kwa anayetazama orodha ya Dodoma, Nairobi au Maseno.

Anza na vyeo, maana vinaeleza nani anaweza kukusimamia na nani hawezi. Katika vyuo vya Tanzania ngazi hupanda kutoka Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki hadi Profesa. Mkufunzi Msaidizi kwa kawaida ana shahada ya kwanza na Mhadhiri Msaidizi ana ya uzamili, kwa hiyo hao wawili hawakusimamii. Wengi wao wenyewe wako masomoni, na jina hubaki kwenye orodha hata kama mwenye jina yuko Beijing au Pretoria akimalizia uzamivu. Hata hivyo usiwapite haraka. Hao ndio wanaoshinda maabara, ndio wanaojua mashine ipi inafanya kazi, na ni rahisi kuwapata kwa simu kuliko Profesa.

Kwa upande wa juu wa orodha kuna jambo ambalo waombaji hawalifikirii. Profesa wa chuo cha umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65, hivyo anayeomba uzamivu wa miaka mitatu au minne kwa mtu mwenye 63 ajue kwamba huenda katikati ya safari akahamishiwa kwa msimamizi mwingine, au akabaki na yule yule kwa mkataba. Pia kuna uteuzi. Nchi yetu ina desturi ya kuwachukua maprofesa wa sayansi kuwa makatibu wakuu, wenyeviti wa bodi na wakuu wa taasisi, na taarifa ya uteuzi ikisomwa jioni, asubuhi yake wanafunzi wa Profesa huyo wanatazamana. Si sababu ya kumkwepa mtu mwenye sifa, ila ni sababu ya kuuliza mapema msimamizi wa pili atakuwa nani.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe wa utafiti, ambao unahitaji kusomwa polepole. Maneno mapana kama nanoteknolojia, nishati jadidifu na mazingira hayakuambii kitu, kwa kuwa chini ya neno nishati jadidifu unaweza kumkuta anayepima upepo wa Makambako, anayechunguza majiko ya mkaa, na anayekokotoa tabia za kristali ambazo hajawahi kuzishika mkononi. Unachokitafuta ni nomino inayoshikika: jina la kitu, jina la kipimo, jina la mahali. Mtu aliyeandika “tando nyembamba za vanadiamu dioksaidi” amekupa mahali pa kuanzia, na aliyeandika “sayansi ya mada” hajakupa.

Chukua huo mfano wa vanadiamu dioksaidi, ambao wanafizikia wa Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Ni kemikali inayopakwa juu ya kioo kwa unene usioonekana kwa macho. Ikiwa baridi huruhusu mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, kupita. Ikifika karibu nyuzijoto 68 za Selsiasi hubadilika ghafla na kuanza kuizuia, huku mwanga wa kawaida ukiendelea kupita. Ndiyo maana huitwa malighafi ya dirisha janja, yaani dirisha linalopunguza joto la jua lenyewe bila umeme wala pazia. Tatizo ni kwamba nyuzijoto 68 ni nyingi mno hata kwa kioo cha dirisha la Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwa hiyo kazi ya watafiti ni kuchanganya elementi nyingine kidogo, kwa mfano magnesiamu, ili kiwango hicho kishuke na kioo kipitishe mwanga zaidi. Ukishaelewa hayo, mstari mfupi wa orodha unakufungulia maswali ya kweli: utando unatengenezwa kwa njia gani, katika chumba cha ombwe kipi, na vipimo vya eksirei vinafanyika hapa au vinasafirishwa? Pia unaanza kuelewa kwa nini machapisho ya fizikia ya Dar es Salaam yana majina mengi ya Kiswidi: Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Uppsala, iliyoanza 1961, imekuwa ikisaidia idara za fizikia na kemia katika nchi zetu kwa vifaa na kwa kuwapokea wanafunzi. Ushirikiano wa namna hiyo ni mali. Ukiuona kwenye machapisho ya miaka ya karibuni, jua kwamba mwanafunzi wa huyo mhadhiri ana uwezekano wa kupima sampuli zake mahali penye mashine.

Kwenye kemia utakutana na makundi mawili yanayofanana kwa jina tu. Wapo wanaotafuta dawa katika mimea, kazi ambayo imekuwa kubwa Dar es Salaam hasa kwa mimea ya familia ya mtopetope. Na wapo wanaogeuza mabaki ya mazao kuwa kemikali za viwandani, kama yale mafuta meusi ya maganda ya korosho yanayobabua vidole vya wabanguaji wa Mtwara na Lindi, ambayo ndani yake mna asidi ya anakadi na kadanoli. Wote wanaweza kuandikwa “kemia ya mimea”. Lakini maisha ya mwanafunzi wao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza atatumia miezi akimimina heksani, ethili asetati na methanoli katika safu ya silika, akikusanya chupa ndogo mia moja ili apate miligramu chache za kitu safi, kisha atasubiri kipimo cha NMR, kinachoonyesha muundo wa molekuli, ambacho mara nyingi kinafanyika nje ya nchi baada ya vibali vya kusafirisha sampuli kupatikana. Wa pili ana malighafi ya kujaza ndoo, na wasiwasi wake ni mtambo na kichocheo. Kwa mtu anayejilipia ada, tofauti hiyo ni ya fedha kabla haijawa ya elimu: kiyeyushi cha maabara ni ghali, na swali la nani anakinunua huulizwa kabla ya kujisajili.

Vivyo hivyo, wanaokokotoa kwa kompyuta na wanafizikia wa nadharia hawahitaji pampu wala gesi. Wanahitaji kompyuta, umeme usiokatika na intaneti. Nilisukumwa huko bila kupenda, nikaja kugundua kwamba wenzangu wa upande huo walimaliza kwa wakati kuliko wa maabara. Kama huna ufadhili, usiwadharau.

Baada ya mstari, tafuta machapisho. Google Scholar itakusaidia, na kwa majarida ya Afrika tazama hifadhi ya mtandaoni ya AJOL (African Journals Online), ambamo lipo pia Tanzania Journal of Science, jarida la ndaki ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tahadhari ya kwanza ni majina. Ukimtafuta “J. Mushi” utaletewa daktari wa mifugo, mchumi na mwanafizikia kwa pamoja, na hesabu ya kazi zao itachanganywa kana kwamba ni mtu mmoja, ndiyo sababu watafiti wamepewa namba ya ORCID yenye tarakimu 16, na mhadhiri aliyeiweka kwenye ukurasa wake amekurahisishia kazi. Tahadhari ya pili ni namba ya h (mwenye h ya 10 ana makala 10 zilizonukuliwa angalau mara 10 kila moja), aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Waombaji huipenda kwa kuwa ni namba moja, lakini haifai kulinganisha anayepima mionzi ya udongo wa Minjingu na aliye katika kundi la kimataifa la watu mia tatu wanaotia saini makala moja. Mimi huiruka.

Ninachokitazama ni miaka mitano ya mwisho tu, na ndani yake mambo mawili. Je, makala bado zinahusu kile kilichoandikwa kwenye orodha? Na je, jina la kwanza ni la nani? Katika fizikia na kemia ya maabara, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi, na la msimamizi huja mwishoni. Mhadhiri ambaye makala zake zinaanza na majina ya vijana tofauti tofauti ana wanafunzi wanaofika kwenye uchapishaji. Ambaye jina lake linaanza kila mahali, na mwanafunzi hayumo, jiulize.

Mfano mzuri wa jambo hilo ni wa zamani na umetokea hapa hapa. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friza yakiwa moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyopoa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja kuhadhiri Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, naye Mpemba akasimama kuuliza kwa nini maji ya nyuzijoto 100 hutangulia kuganda kuliko ya nyuzijoto 35. Wenzake walicheka. Osborne alijibu kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi fundi wa maabara, naye fundi akaleta taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza kweli, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi. Makala ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na jina la kwanza ni la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kama tokeo hilo lipo kweli na kwa sababu gani, lakini kwa mtu anayetafuta msimamizi ubishi huo si muhimu kama mpangilio wa yale majina mawili.

Hatua inayofuata huachwa na watu wengi kwa uvivu, nayo ni kwenda maktaba. Tasnifu zinazosimamiwa idarani huhifadhiwa. Kwa Dar es Salaam zipo kwenye mkusanyiko wa East Africana. Toa tasnifu tatu au nne zilizosimamiwa na mtu unayemfikiria, usisome nadharia, soma ukurasa wa shukrani. Mwanafunzi akiandika shukrani huwa amechoka na hana tena sababu ya kupamba. Atamshukuru Mungu, mama yake, kisha atataja maabara ya nchi gani ilimpimia sampuli, nani alimkopesha kemikali, na fundi gani alimfungulia mlango Jumamosi. Nimewahi kusoma moja iliyomshukuru msimamizi kwa sentensi moja na dereva wa idara kwa aya nzima. Sikumwandikia msimamizi huyo. Ukimaliza hapo, geukia sura ya mbinu za utafiti na uandike majina ya vifaa vyote vilivyotumika, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ya kwenda nayo maabara.

Maabara nenda asubuhi siku ya kazi, ukamuulizie fundi sanifu. Jitambulishe kwamba unatarajia kuomba nafasi, kisha uliza kifaa kimoja kimoja: kinafanya kazi, kilitumika lini mara ya mwisho, na foleni yake ni ya wiki ngapi. Fundi sanifu hana haja ya kukushawishi ujisajili, kwa hiyo atakuambia ukweli, hasa ukimwamkia vizuri na usimwite kijana. Tazama pia kitabu cha kumbukumbu za matumizi kilichowekwa kando ya mashine, kama kipo. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo inatosha.

Hapo ndipo unapoandika barua pepe, si kabla. Kosa la kawaida ni kuandika barua moja na kuituma kwa wahadhiri wanane, ikiwasifu wote kwa “utafiti wao wenye mchango mkubwa”; wanane hao hukaa korido moja na hunywa chai pamoja. Barua inayojibiwa ni fupi na ina kitu mahususi. Tuseme unatoka Arusha na umeamua kufuatilia floraidi kwenye maji ya kunywa, tatizo ambalo kwenu linaonekana kwenye meno ya watoto. Kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya maeneo ya Meru huvuka hapo. Ungeweza kuandika hivi:

“Yah: Ombi la kusimamiwa tasnifu ya uzamili katika kemia.

Shikamoo Profesa. Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya kemia na elimu, mwaka 2022, na kwa sasa ninafundisha sekondari mkoani Arusha. Nimesoma makala yako kuhusu kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, pamoja na tasnifu mbili ulizosimamia. Zote zinapima mkaa mpya. Shuleni kwetu mkaa ukishashiba hutupwa, na ningependa kuchunguza ni mara ngapi unaweza kuhuishwa kwa kostiki kabla haujapoteza uwezo wake. Nimeuliza maabara nikaambiwa kipima floraidi kinafanya kazi. Je, unapokea wanafunzi kwa mwaka ujao wa masomo? Nimeambatisha matokeo yangu na ukurasa mmoja wa wazo hili. Ninaweza kufika ofisini siku yoyote ya likizo ya Juni.”

Wengine watakuambia shikamoo haifai katika barua rasmi, na kwa barua inayopitia masijala wana haki. Kwa barua pepe ya kwanza kwa mtu wa umri wa baba au mama yako, sijamwona Profesa wa Kitanzania aliyechukizwa nayo. Ukiandika kwa Kiingereza, jambo ambalo pia ni la kawaida, anza tu na cheo na jina la ukoo, na cheo kiwe sahihi: Profesa Mshiriki huitwa Profesa, na Daktari usimpandishe kwa kumsifia maana ataona umebahatisha.

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja. Usipojibiwa tena, piga simu kwa katibu muhtasi wa idara uulize kama Profesa yupo nchini. Mara nyingi hayupo.

Ukiitwa ofisini nenda na maswali manne umeyaandika kwenye karatasi: una wanafunzi wangapi sasa, waliotangulia walichukua muda gani kumaliza, nani analipia kemikali na vipimo, na nikikwama nikuone mara ngapi kwa mwezi. Anayekuwa na wanafunzi kumi na wawili hatakuficha, kwa sababu wamejipanga nje kwenye benchi. Swali la muda ndilo linalotoa majibu ya kupinda. Ukijibiwa kwamba inategemea juhudi za mwanafunzi, rudi kwenye zile tasnifu za maktaba ulinganishe mwaka wa usajili wa mwenyewe na mwaka ulio kwenye jalada.

Kumbuka kwamba kukubaliwa kwa mdomo si kupewa msimamizi. Uteuzi wa msimamizi hufanywa na idara na kupitishwa na kurugenzi ya masomo ya uzamili, na kamati inaweza kukupangia mwingine kwa kuwa uliyemtaka amejaza idadi yake. Kwa hiyo kwenye fomu ya maombi andika jina lake pamoja na la mtu wa pili uliyemchunguza kwa njia ile ile, kisha mwombe yule wa kwanza akuandikie mistari miwili ya barua pepe kwamba amekubali, uichapishe na kuiambatisha nyuma ya wazo lako la utafiti kabla dirisha la maombi halijafungwa.